Type R na 'njumu' zilizoleta rekodi

MCHEZAJI anaweza kuwa na kasi ya balaa na mapafu ya farasi, lakini mvalishe njumu za nyasi bandia kwenye uwanja wa nyasi uliolowa, uone. Kila akigeuka, yuko chini.

Kwenye hachibaki kali, zile ndinga ndogo zenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu na injini inayoaibisha magari makubwa, njumu ni matairi. Mwaka 2023 Honda walitoa somo zuri kuhusu jambo hilo, ingawa wengi waliishia kusoma muda tu.

Aprili mwaka huo walitangaza kwamba Civic Type R mpya, inayojulikana kwa jina la FL5, imezunguka Nürburgring Nordschleife kule Ujerumani kwa dakika 7 na sekunde 44.881. Huo ni mzunguko wa kilomita 20.832 wenye kona zaidi ya 70, panda shuka kama barabara ya Lushoto. Rekodi ya magari yanayovutwa na matairi ya mbele ilikuwa ya Renault Mégane R.S. Trophy-R, dakika 7 na sekunde 45.389, tangu mwaka 2019. Tofauti ni nusu sekunde tu, kama bao la dakika za nyongeza.

Kilichopita kimya kimya ni hiki: Type R inatoka kiwandani na Michelin Pilot Sport 4S, saizi 265/30 ZR19. Siku ya rekodi ilivaa Michelin Pilot Sport Cup 2 Connect, matairi ambayo mteja anayeyataka anayanunua pembeni kwa wakala. Jezi ile ile, njumu nyingine.

Siyo wizi. Renault nao walikuwa na Bridgestone Potenza S007 zilizotengenezwa kwa ajili ya toleo lao. Volkswagen walipopeleka Golf GTI Edition 50 mwaka 2025 na kupata dakika 7 na sekunde 46.13, gari lilikuwa na Bridgestone Potenza Race, nazo za kulipia zaidi. Kwenye mchezo huu kila timu inaingia na njumu zake kali. Tatizo linaanza pale shabiki anaposoma muda ule na kuamini kwamba ndinga atakayokabidhiwa dukani ndiyo ile ile.

KAZI TATU, TAIRI MBILI

Type R ya soko la Ulaya ina nguvu za farasi 329 na mvuto wa injini wa Nm 420. Mzigo wote huo unapitia matairi mawili ya mbele. Hayo hayo ndiyo yanakata kona, na hayo hayo ndiyo yanabeba sehemu kubwa ya breki, maana ukikanyaga breki uzito wa gari unakimbilia mbele. Sehemu ya kila tairi inayogusa lami haizidi sana ukubwa wa soli ya kiatu.

Honda wenyewe walilifanyia kazi hilo. Type R iliyotangulia, FK8, ilivaa Continental SportContact 6 zenye upana wa milimita 245 kwenye rimu za inchi 20. FL5 wakashusha rimu hadi inchi 19 na kupanua tairi hadi milimita 265. Wengi mtaani wanafanya kinyume, wanapandisha rimu ili ndinga ikae kibabe. Mpira wa pembeni unabaki mwembamba kama chapati, na shimo moja tu linatosha kupinda rimu.

Cup 2 Connect na 4S zinatoka kampuni moja, lakini kazi zao ni mbili. Cup 2 ni tairi la uwanja wa mashindano lililoruhusiwa kutembea barabarani. Mpira wake unataka joto ndipo ushike, mitaro yake ni michache, na likishapata moto linang'ang'ania lami kama beki wa kati mwenye kadi moja tayari. Likiwa la baridi, au mvua ikimwagika, mambo yanageuka. Mitaro ya tairi ipo ili maji yapate pa kupita. Yasipopata njia, gari linapanda juu ya maji na usukani unakuwa mwepesi ghafla, kama umekatika.

4S ni kiungo mkabaji. Haitakupa muda wa rekodi, ila inacheza dakika 90, kwenye jua na kwenye matope. Kwa mtu anayeendesha kwenda kazini mwezi Aprili masika yakiwa yamekolea, tairi la kiwandani ndilo la kumfikisha nyumbani, na lile la rekodi linaweza kumlaza mtaroni. Hata Ujerumani wanaojua mambo wanakuwa na seti mbili, moja ya uwanjani, nyingine ya kurudia.

YA KIWANDANI SI MARA ZOTE BORA

Hapa mashabiki wa 'orijino' wasishangilie mapema. Kiwanda hakichagui tairi kwa kasi peke yake. Kinapima kelele, mafuta, muda wa kuisha na bei, halafu kinakubaliana na mtengeneza tairi. Ndiyo maana baadhi ya matairi yana alama ubavuni: nyota kwa BMW, MO kwa Mercedes, N0 kwa Porsche. Jina ni lile lile la dukani, lakini lenye alama limerekebishwa kwa ajili ya gari hilo.

Toyota GR Yaris ndiyo mfano mtamu. Toleo moja lilitoka na Dunlop SP Sport Maxx 050, lile la juu likatoka na Michelin Pilot Sport 4S, zote saizi 225/40 R18. Yote mawili ni ya kiwandani! Wapo wanaosema, "Ona, Michelin imelifanya gari jipya," wakisahau kwamba toleo la Michelin lilikuja pia na rimu nyepesi, springi ngumu zaidi na difu za kuzuia tairi moja kuzunguka bure. Huwezi kubadilisha kocha, kipa na mshambuliaji kwa siku moja, halafu ukasifia viatu.

Kwenye mashindano ya dunia ya magari, yanayofika Naivasha kwa Safari Rally, ubishi huu waliumaliza kwa kuwapa wote wa daraja la juu tairi la kampuni moja. Ilikuwa Pirelli hadi 2024, sasa ni Hankook. Mtaani hakuna mwamuzi wa namna hiyo.

Kosa kubwa la mtaani ni kulinganisha tairi jipya na lililochoka. Mtu ametembelea ya kiwandani hadi yamebaki vipara, anafunga mapya ya bei poa, anazunguka mtaa mmoja na kutangaza kwamba haya ni moto kuliko yale. Lazima yawe moto, amelinganisha kijana wa miaka 20 na mzee anayestaafu. Kulinganisha kwa haki ni kuwa na saizi moja, upepo ule ule, barabara ile ile, siku moja, na matairi yote yakiwa na kashata za kutosha.

GTI ZA BONGO NA NAIROBI

Type R si gari la kukutana nalo kila siku Kariakoo. Zinazoonekana ni Golf GTI za kizazi cha tano na cha sita zilizotumika, nyingi zikishushwa kutoka Japani. Kwa hizi, hadithi ya tairi la kiwandani imeshapita. Lililofungwa Wolfsburg liliisha kitambo, na linalofika bandarini ni chaguo la mmiliki wa kwanza au wa pili.

Hivyo kazi inabaki kwenye namba. GTI nyingi za kizazi cha tano zinavaa 225/45 R17. Baada ya saizi inafuata, kwa mfano, 91W. Hiyo 91 maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 615, na W ni spidi hadi kilomita 270 kwa saa. Dukani kuna la saizi hiyo hiyo lenye herufi H, kilomita 210. Muuzaji atakwambia, "Kwani wewe utafika huko?" Hutafika, lakini herufi hiyo inahusu pia jinsi tairi linavyovumilia joto, na joto la mchana la hapa halihitaji kualikwa.

Mwenye bajeti ya mawili tu huyafunga mbele kwa sababu ndiko gari linakovuta. Watengenezaji wakubwa wa matairi wanashauri mapya yaende nyuma. Mbele ikiteleza, gari linagoma kukata kona na dereva anaweza kuachia mafuta likarudi. Nyuma ikiteleza kwenye lami iliyolowa, linazunguka, na hapo wengi hawana pa kushika.

Halafu kuna tairi za mtumba za pembeni mwa barabara, zenye kashata nene na rangi nyeusi inayong'aa kwa dawa. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo. Tafuta neno DOT na namba nne za mwisho: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Ubavu mmoja unaweza kuwa hauna namba hizo, na mara nyingi ndio huo unaogeuzwa kwa mteja. Mwambie fundi aligeuze kabla hajalipandisha kwenye rimu.