Maziwa hayafiki mapafuni

Safari hii nimeulizwa Milanzi, huku Ufipa, tena na mwalimu wa kemia: "Mtaalamu, baada ya praktiko tuwape watoto maziwa kiasi gani?" Msiwape hata tone moja, kama nia ni kuondoa sumu.

Maziwa ukiyanywa yanakwenda tumboni. Mvuke wa asidi ya haidrokloriki au wa amonia unapita puani hadi mapafuni. Yatakutana nao wapi? Watu hunijibu: mbona wafanyakazi wa viwandani hupewa? Hupewa, na hilo ndilo linaloniudhi: glasi ya maziwa ni rahisi kuliko feni ya kutoa hewa chafu, na aliyeinywa hujiona ana kinga, akarudi kwenye mvuke uleule. Aliyemeza asidi kali ndiye hasa asijazwe maziwa. Akitapika, asidi itamuunguza koo mara ya pili.

Na kwa nini ameimeza? Katika shule moja nilikuta kabatini chupa ya maji ya kunywa, imebandikwa karatasi yenye "H2SO4" kwa wino uliofifia. Ni asidi ya sulfuriki ya titresheni, moli 0.1 kwa lita, au ya asilimia 98, kali mara 180 zaidi? Mwalimu aliifungua ainuse. Nilimshika mkono.

Baridi ya Ufipa nayo ina yake. Asidi safi ya asetiki huganda chini ya nyuzi 16.6, hivyo Juni na Julai mtaikuta imekuwa kama barafu. Haijaharibika. Iwekeni kwenye maji ya uvuguvugu, mbali na moto, maana mvuke wake unawaka.

Lebo iwe na jina kamili, ukali, tarehe, aliyetayarisha na alama ya hatari yenye ukingo mwekundu. Andikeni kwa penseli, mfunike kwa selotepu. Chupa za soda na maji zisiingie maabara. Asidi humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Pipeti isinyonywe kwa mdomo. Madirisha wazi, hata Julai. Asidi ikimwagikia ngozi, maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, bila magadi. Aliyevuta mvuke atolewe nje. Kifua kikimbana, hospitali mara moja, na anayempeleka awe ameinakili lebo, kwa sababu daktari wa zamu ataanza kwa kuuliza ilikuwa kemikali gani.