Kibanda Nyuma ya Nyumba: Ruhusa ya Nani?

Tukizungumza na wenzetu juu ya ndugu waliohamia Marekani, swali la kwanza huwa ni mshahara. Habari ya nyumba huulizwa mara chache. Wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao wasemaji wa Kiswahili, wamepelekwa huko kwa maelfu tangu miaka ya 2010. Wengi wameingia katika viwanda vya nyama na maghala, na baada ya miaka ya zamu za usiku baadhi yao wamenunua nyumba kwa mkopo wa benki. Hapo ndipo wanapokutana na mtawala ambaye hawakumtazamia. Mtu anayo hati ya nyumba, analipa benki kila mwezi, analipa kodi ya ardhi. Lakini akitaka kusimamisha kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, aweke majembe na baiskeli za watoto, hana budi kuomba ruhusa kwa chama cha wenye nyumba wa mtaa wake.

Chama hicho hakifanani na chama cha wafanyakazi. Uanachama wake umefungwa kwenye ardhi. Aliyenunua nyumba amekuwa mwanachama siku ile ile alipotia sahihi, apende asipende, na njia ya kujitoa ni kuuza nyumba. Wamarekani zaidi ya milioni 70 wanaishi chini ya vyama vya namna hii. Kampuni inayojenga mtaa ndiyo inayotunga masharti, kabla hata nyumba ya kwanza haijauzwa, na kuyaandikisha katika ofisi ya wilaya. Na kwa kawaida halmashauri hubaki mikononi mwa kampuni hiyo mpaka sehemu kubwa ya nyumba ziishe kuuzwa. Serikali za miji huridhika, maana barabara za ndani, bustani na taa hulipiwa kwa ada za wakazi, hazina ya mji isiguswe.

Yafaa tujue pia asili yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 mfanya biashara J. C. Nichols alijenga mitaa ya watu wenye uwezo katika mji wa Kansas City, akaifunga kwa masharti ya kudumu: nyumba iwe na thamani gani, ikae umbali gani kutoka barabarani, na kwamba mtu mweusi asiuziwe wala asikae humo. Chama cha wakazi kiliwekwa kuyalinda masharti hayo. Katika mji wa St. Louis familia ya Shelley, watu weusi, walinunua nyumba mwaka 1945 na majirani wakawashtaki ili watolewe. Mahakama Kuu ya nchi iliamua mwaka 1948 kwamba mahakama haziwezi kutumiwa kutekeleza sharti la ubaguzi. Sheria ya mwaka 1968 ikapiga marufuku ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba. Maneno yale ya zamani bado yanasomeka katika hati nyingi, ingawa hayana nguvu tena. Masharti ya rangi ya mlango, urefu wa ua na vibanda yamebaki na nguvu zake zote.

Sasa tuje kwenye kibanda chenyewe. Ruhusa ni mbili, na wengi huponzwa kwa kudhani ni moja. Ya kwanza ni kibali cha mji. Miji mingi haidai kibali kwa kibanda kidogo cha ghorofa moja, kisichozidi futi za mraba 120 au 200, kadiri ya mji. Mtu akiambiwa na karani wa mji kwamba hahitaji kibali, hurudi nyumbani akifurahi na kuanza kupigilia misumari. Lakini karani alijibu kwa niaba ya mji tu. Chama chaweza kudai maombi hata kwa kibanda cha plastiki kilichonunuliwa dukani.

Kabla ya kuandika maombi, mwenye nyumba asome masharti kifungu kwa kifungu, kama tunavyosoma mkataba wa kazi kabla ya mazungumzo na mwajiri. Atazame kibanda kinaruhusiwa kiwe na urefu gani, kisimame umbali gani kutoka mpakani, na kama paa na rangi lazima vifanane na vya nyumba. Kisha achukue ramani ya kiwanja chake, achore mahali kibanda kitakapokaa na kuandika vipimo. Ramani hiyo huonyesha pia ukanda ulioachwa kwa ajili ya mabomba na nyaya za umeme. Kibanda kikiwekwa juu ya ukanda huo, kampuni ya umeme au maji yaweza kukiondoa hata kama chama kilikikubali. Na kabla ya kuchimba shimo la nguzo, apige simu namba 811. Mafundi hufika bila malipo kutia alama mahali nyaya na mabomba yalipopita.

Maombi yaende kwa kamati ya majengo pamoja na picha ya kibanda, orodha ya vifaa na kipande cha rangi. Vyama vingine hutaka na sahihi za majirani. Tungeshauri barua iende kwa rejista, au mpokeaji atie sahihi na tarehe kwenye nakala, kwa sababu siku zinahesabiwa kuanzia hapo. Masharti mengi huipa kamati siku 30, 45 au 60. Na hapa kuna mtego: katika hati nyingine, kamati ikinyamaza mpaka siku zikaisha, maombi huhesabiwa kuwa yamekubaliwa, katika nyingine, kimya hicho hicho ni kukataliwa. Neno la mjumbe aliyekutana nawe njiani akasema “endelea tu ndugu yangu, hakuna shida” halina thamani yoyote siku ya kesi.

Je, kamati ikikataa? Mahakama hazipendi kuingilia, lakini zimeweka mpaka. Huko Colorado mwaka 1969, katika kesi ya Rhue, mtu alitaka kuhamishia nyumba kuukuu ya mtindo wa Kihispania kwenye mtaa wa nyumba mpya. Mahakama iliunga mkono kamati iliyomkataza, ila ikasema kukataza lazima kuwe na sababu ya haki na nia njema. Katika jimbo la California sheria inataka jibu kwa maandishi, lenye sababu na maelezo ya jinsi ya kuomba halmashauri ifikirie upya. Na tangu mwaka 2020 chama cha huko hakiwezi kupiga marufuku kabisa nyumba ndogo ya kuishi nyuma ya nyumba ya familia moja. Texas ilibadili sheria mwaka 2021: anayekataliwa apewe sababu na aelezwe afanye marekebisho gani, naye ana siku 30 za kudai asikilizwe. Katika vyama vya huko vyenye viwanja zaidi ya 40, mjumbe wa halmashauri, mwenziwe wa ndoa au mtu anayeishi naye hawezi kukaa katika kamati ya majengo. Aliyekataliwa apige pia picha za vibanda vya namna ile ile vilivyokwisha ruhusiwa mtaani. Kamati iliyomkubalia jirani na kumkataa yeye itakuwa na kazi ya kueleza.

Wengine husema, acha nijenge, watafanya nini? Watatoza faini, na wanaweza kwenda mahakamani kudai kibanda kibomolewe, pamoja na gharama za wakili wao. Kubwa kuliko hayo, ada isiyolipwa huwa dai juu ya nyumba yenyewe. Huko Texas mwaka 2008 nyumba ya afisa wa jeshi aliyekuwa Iraki, yenye thamani ya dola 300,000 hivi, ilinadiwa kwa dola 3,500 kwa sababu ya deni la ada la dola 800 hivi. Alirudishiwa nyumba kwa mapatano mwaka 2010. Sheria ya Texas hairuhusu nyumba kunadiwa kwa deni la faini peke yake, lakini aliyekasirishwa na faini akaacha kulipa ada amejitoa mwenyewe kwenye kinga hiyo. Agombane na faini kwa barua, huku ada ikilipwa kwa tarehe yake.

Ruhusa ikipatikana, atazame inakwisha lini. Nyingi hufa kazi isipoanza katika muda uliowekwa. Kibanda kijengwe kama kilivyochorwa, maana kukisogeza futi tatu kukwepa mzizi wa mti ni ombi jipya. Barua ya ruhusa iwekwe pamoja na hati ya nyumba. Siku ya kuuza, katika majimbo mengi chama hutoa cheti kwa mnunuzi kinachotaja kasoro zote za kiwanja, na kibanda kisicho na barua huandikwa humo.