Mfarishi wa Kanga za Mama



Mama alipofariki alituachia sanduku la kanga. Sisi ndugu ni wanne, nasi tumetawanyika: Unguja, Maskati, London, na mimi hapa Sandton. Kila mmoja alizitaka. Niliposema nitazikata niunge mifarishi minne, kila nyumba ipate wake, dada yetu mkubwa wa Unguja alighadhibika. "Kanga za mama hazikatwi!" akakata simu. Miezi miwili hatukusemezana.

Nimefundisha hesabu miaka mingi, lakini mfarishi wa kwanza ulinifundisha mimi. Basi pokeeni masomo niliyoyalipia.

Kwanza, fueni kabla ya kukata, kila rangi peke yake, mpaka maji yatoke meupe. Mimi sikufua, kanga nyekundu ikachujia juu ya nyeupe. Mkichanganya na shweshwe ya huku, nayo ifueni: huja na wanga mwingi, na hunywea ikiingia majini.

Pili, someni jina kabla ya kushika mkasi. Kanga ina pindo, mji na jina. Nilikata jina lisemalo "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki", likabaki "kwa dhiki" tu, katikati ya kitanda! Sasa jina nalitoa zima.

Tatu, pigeni hesabu. Mraba wa sentimita 15, ukiliwa na mshono milimita 6 kila upande, hubaki sentimita 13.8. Miraba 10 kwa 12 hutoa mfarishi wa sentimita 138 kwa 166 hivi. Mishono ya mstari wa kwanza ilazeni kwa pasi kuelekea kulia, ya mstari wa pili kushoto. Pembe zitakutana bila uvimbe.

Nne, tandikeni bitana chini, pamba kati, kanga juu. Bitana na pamba vizidi sentimita 5 pande zote. Fungeni kwa pini za nepi, kila baada ya upana wa kiganja, mkianzia katikati. Baridi ya Juni hapa Johannesburg, mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, yataka pamba. Mifarishi ya Unguja na Maskati sikuitia, bitana yatosha.

Tano, cherehani: sindano mpya namba 90, bobini iliyojaa, mshono wa milimita 3. Anzeni katikati mkielekea nje. Upande wa kulia uviringisheni kama mkeka, upite chini ya mkono wa cherehani. Msivute kitambaa, kiongozeni tu.

Wa dada niliupeleka kwa mkono wa msafiri. Katikati niliweka kanga aliyojifunga mama siku ya harusi yake dada.

Simu ililia Ijumaa. Hakusalimu.

"Jina limekaa upande," akasema. Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza kama vipande vimebaki.

Vimebaki. Wassalam.