Kompyuta Yatumika Kupima Uimara na Kelele za Injini Kabla Haijaundwa

Injini ya petroli yenye silinda nne na mipigo minne, inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, huchoma mafuta mara 100 katika kila sekunde. Kwa silinda moja, hiyo ni miwako 90,000 kwa saa. Kila mwako husukuma pistoni, na nguvu yake hupita kwenye krankishafti, yaani mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa wa kuzunguka, hadi kwenye bloku ya injini.

Nguvu hiyo huleta madhara mawili. Kwanza, metali huchoka: ufa usioonekana kwa macho huanza kwenye kona ya mhimili na kukua hadi mhimili ukakatika. Pili, kuta za injini hutetemeka na kutoa kelele.

Awali, wahandisi waliunda injini ya mfano, wakaiendesha kwa mamia ya saa hadi ipate hitilafu, kisha wakarekebisha mchoro na kuanza upya. Njia hiyo ilitumia fedha na muda mwingi.

Uigaji wa kompyuta umebadili utaratibu huo. Mchoro wa injini hugawanywa katika vipande vidogo vingi vinavyoshikana, na kompyuta hukokotoa mkazo, joto na mtetemo wa kila kipande. Jina la mbinu hiyo kwa Kiingereza lilitolewa mwaka 1960 na Ray Clough wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani.

Ukokotoaji huo huonesha pia kasi ya asili ya mtetemo wa kila sehemu. Kasi hiyo ikilingana na ya mapigo ya injini, mtetemo hukua maradufu, kelele huongezeka na metali huchoka mapema.

Kunenepesha metali kila mahali hupunguza mtetemo, lakini huongeza uzito na matumizi ya mafuta. Kompyuta humwonesha mhandisi mahali panapohitaji mbavu za kuimarisha na mahali ambapo metali inaweza kupunguzwa bila hatari.

Umuhimu wa kazi hiyo unaongezeka kutokana na masharti ya sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya Namba 540 ya mwaka 2014 inashusha kwa awamu kiwango cha kelele kwa magari mengi ya abiria, kutoka desibeli 72 hadi 68, zikiwemo kelele za matairi. Kushuka kwa desibeli 3 pekee ni sawa na kupunguza nishati ya sauti kwa nusu.

Hata hivyo, majibu ya kompyuta hutegemea usahihi wa taarifa inazopewa. Kiputo cha hewa kilichobaki ndani ya metali wakati wa kusubu hakionekani kwenye mchoro, lakini kinaweza kuwa chanzo cha ufa. Kwa sababu hiyo, injini bado hulazimika kufanyiwa majaribio halisi kabla ya kufika kwa mtumiaji.