Kupima Hisa za Benki kwa Uwezo wa Kuhimili Hasara

Hisa ya benki kuuzwa chini ya thamani yake ya vitabuni si hoja ya kutosha kuinunua, ingawa wengi huishia hapo. Mali ya benki ikiwa mara 20 ya mtaji wa wanahisa, hasara ya asilimia 5 tu huumaliza mtaji huo wote. Mwaka 1990, soko likihofia kuporomoka kwa majengo California, Warren Buffett aliikagua Wells Fargo kwa njia nyingine. Alichukulia kwamba asilimia 10 ya mikopo ya dola bilioni 48 ingekuwa chechefu, na asilimia 30 yake ingepotea: takriban dola bilioni 1.44. Faida ya mwaka, kabla ya kodi na fungu la mikopo chechefu, ilizidi bilioni 1.3, hasara ingekaribia kufidiwa pasipo kuumeza mtaji. Alilipa chini ya mara 5 ya faida baada ya kodi.