Gari la Nyuma Liko Wapi? Mawasiliano ya Msafara Katika Msitu wa Nyungwe

Magari manne au matano yaondokapo Kigali alfajiri kuwapeleka ndugu wa bwana harusi Nkungu, tarafa ya milimani katika wilaya ya Rusizi, iliyokuwa Cyangugu, ni nadra mtu kuuliza yatapashanaje habari njiani. Kila abiria ana simu mfukoni, basi jambo hilo huonekana limekwisha. Swali huzuka saa chache baadaye, ndani ya msitu wa Nyungwe, pale dereva wa mbele atazamapo kioo asione taa za mwenziwe, akamwambia mkewe apige simu, na simu isiite.

Kutoka Kigali njia hupita Muhanga, Ruhango, Nyanza, Huye na Nyamagabe. Hadi Kamembe ni zaidi ya kilomita 200, na aghalabu huchukua saa tano au sita. Mpaka Kitabi hapana taabu kubwa, kwa kuwa makazi yamefuatana na aliyepata pancha hakosi wa kumsaidia. Yakisha mashamba ya chai ya Kitabi, msitu hufunga pande zote mbili. Kwa kadiri ya kilomita 50 msafiri haoni kijiji, duka wala pampu ya petroli, hata atokee kwenye mashamba mengine ya chai, ya Gisakura. Barabara ni ya lami, ila ina kona nyingi, yapanda kupita kimo cha mita 2,400, na ukungu huweza kuifunika hata mchana. Nyungwe ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na mwaka 2023 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Uzuri wake haubishaniwi. Lakini milima ile ile iwapendezayo wageni ndiyo izuiayo mawimbi ya simu, na zipo sehemu ndefu ambapo simu haipati mnara wowote.

Wasomaji walio katika majeshi ya ulinzi na polisi hawahitaji kuelezwa ubaya wa gari moja kubaki peke yake mahali kama hapo. Tarehe 15 Desemba 2018 watu wenye silaha walishambulia magari ya abiria upande wa Kitabi, wakayachoma moto, na watu wakauawa. Baada ya tukio hilo ulinzi wa njia uliongezwa. Hata hivyo hatari ya kila siku ni ya kawaida zaidi: breki zilizochoka kwenye mteremko, mti au udongo ulioporomoka kwa mvua, gari lililoteleza likaingia bondeni pasipo aliyelitangulia kujua.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kununua simu za upepo, zile ndogo za mkononi. Kifaa hicho kina faida yake, ila yafaa kijulikane kilivyo. Mawimbi yake husafiri takriban kama macho yaonavyo. Katika uwanda ulio wazi watu wawili husikilizana kwa kilomita kadhaa, bali mlima ukiingia kati, magari yaliyoachana kwa kona tatu tu huweza kutosikilizana kabisa. Ndiyo sababu vyombo vya dola huweka mitambo ya kupokezana sauti juu ya vilele. Washindani wa mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika, waliitambua shida hiyo. Timu kubwa zilirusha ndege juu ya njia ili kupokea maneno ya gari moja na kuyapeleka kwa jingine. Familia iendayo harusini haina ndege. Tena masafa ya redio yana wenyewe: nchini Rwanda husimamiwa na RURA, na Tanzania na TCRA. Mwenye kutaka kutumia simu za upepo aulize habari ya kibali kabla ya kusafiri, asije akaulizwa yeye kizuizini. Kibali cha nchi moja hakimkingi katika nchi ya pili.

Kinachobaki ni mapatano, nayo hufanywa kabla injini hazijawashwa.

Patano la kwanza ni la zamani katika misafara ya kijeshi, na latosha kuziba nusu ya mapengo yote: kila dereva ana wajibu juu ya gari lililo nyuma yake. Watu wengi hufanya kinyume. Wa nyuma hukimbia kumfuata wa mbele, na mwendo huzidi kadiri ya mstari unavyorefuka, hata wa mwisho akawa anapita magari kwenye kona ili asiachwe. Dereva wa mbele atazamapo kioo na kumngoja mwenziwe, habari husafiri yenyewe bila simu. Wa tano akisimama, wa nne hupunguza mwendo, kisha wa tatu, na punde kiongozi naye hujua kuna jambo. Gari bovu kuliko yote, au lile lenye wazee na watoto, lisiwekwe mwisho. Mwisho huwekwa dereva mzoefu mwenye kamba ya kuvutia, tochi na pembetatu za tahadhari.

Pili, vituo vitajwe kwa majina. Kitabi, kabla ya msitu, wote husimama na kuhesabiana. Uwinka, katikati, hali kadhalika. Gisakura wote tena. Hapana gari liondokalo kituoni kabla la mwisho kufika. Iandikwe pia muda wa kungoja, tuseme dakika 30; ukipita, gari moja tu hurudi kutazama, na mengine hubaki mahali pamoja. Wote wakirudi kila mmoja kwa wakati wake, kumtafuta aliyepotea huwa kuwatafuta watano.

Watokao Ngara au Kahama kupitia Rusumo wana mambo mawili ya nyongeza. Saa ya Rwanda iko nyuma ya ile ya Tanzania kwa saa moja, na simu nyingine hujigeuza zenyewe ilhali saa ya mkononi haigeuki. Basi yasemwe mapatano ni kwa saa ya nchi ipi. La pili ni indiketa. Madereva wa malori wa Tanzania na Kenya wana desturi ya kuwasha taa ya kulia kumwonya wa nyuma asipite, na ya kushoto kumruhusu. Huko magari hupita kushoto. Ng'ambo ya daraja la Rusumo magari hupita kulia, na alama ile ile yaweza kumtuma mtu kwenye mauti. Ndani ya msafara ni salama zaidi kuiacha kabisa, kila dereva akaamini macho yake. Taa kubwa zikimulikwa mara tatu na gari la nyuma, maana yake iwe moja tu: simameni mahali pa kwanza palipo salama.

Simu nayo isidharauliwe, ila isishikwe na dereva. Katika kila gari mtu mmoja awe msemaji, na kazi hiyo akina mama huiweza sana, hata kijana wa shule mwenye utulivu. Mahali mtandao ulipo hafifu ujumbe mfupi wa maandishi hupenya pale mazungumzo yashindwapo. Simu itafutayo mnara bila kuupata hula betri upesi, kwa hiyo katika kila gari moja izimwe na kuwekwa akiba. Karibu na Kamembe simu huweza kudaka mnara wa Congo, na salio likapukutika bila mtu kujua.

Kisha yupo mtu asiyesafiri kabisa, naye aghalabu husahauliwa. Shangazi aliyebaki Kigali, au mama wa nyumba inayongojea wageni Nkungu, awe ndiye kituo cha habari. Apewe daftari lenye namba za magari yote, rangi zake, idadi ya watu katika kila moja, na simu ya kila msemaji. Kitabi wampashe habari. Gisakura wampashe tena. Naye aandike saa. Magari mawili yaliyokosana yasihangaike kutafutana, bali kila moja limtafute yeye. Saa mbili zikipita tangu Kitabi na hakuna neno la Gisakura, asipoteze wakati kwa kupigia ukoo mzima. Kwa polisi ni 112, kwa ajali za barabarani 113, na gari la wagonjwa 912. Atakayepokea atamwuliza mambo manne: namba ya gari, rangi yake, watu wangapi wamo, na lilionekana wapi mara ya mwisho na saa ngapi. Yote yawe yameandikwa katika ukurasa mmoja, kwa herufi kubwa, daftari liko kando ya simu.