Kioo cha William Herschel

Usiku ukitazama juu, waona nyota nyingi. Lakini ziko nyingine nyingi zaidi, hafifu mno, ambazo macho peke yake hayawezi kuziona. Kwa ajili yake watu wametengeneza darubini. Ndani ya darubini nyingi mna kioo kilichobonyea kidogo katikati, kama sahani. Nuru ya nyota hupiga kioo hicho na kukusanyika mahali pamoja. Ndipo nyota huonekana wazi.

William Herschel alizaliwa Ujerumani mwaka 1738. Baadaye alikwenda Uingereza, akawa mpiga kinanda wa kanisa katika mji wa Bath. Alitamani sana kuzijua nyota, lakini darubini kubwa zilikuwa ghali. Basi mwaka 1773 akaanza kujitengenezea mwenyewe.

Kioo chake hakikuwa kama kioo cha dirisha. Aliyeyusha shaba na bati pamoja, akamimina katika kalibu. Madini yalipopoa, aliyasugua kwa unga mgumu na maji: kwanza unga wenye chembe kubwa, halafu ulio laini. Mwisho akayang'arisha juu ya lami. Kazi hii yataka uangalifu mwingi, maana kosa dogo kuliko unene wa unywele huharibu kioo kizima.

Dada yake, Caroline, alikaa naye. Caroline alikuwa akijifunza kuimba, lakini mara nyingi ilimpasa kuacha mazoezi yake ili amsaidie kaka yake. Siku moja William aling'arisha kioo saa 16 pasipo kuondoa mikono yake. Hakula kwa mkono wake mwenyewe. Caroline alimtilia chakula mdomoni, tonge kwa tonge.

Je, taabu hiyo ilikuwa bure? Sivyo. Tarehe 13 Machi 1781, kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe, William aliona sayari ambayo watu hawakuwa wakiijua. Leo yaitwa Uranus. Caroline naye, mwaka 1786, aligundua nyota yenye mkia.

Mbingu ni kazi ya Mungu, nazo ziko wazi kwa watu wote. Lakini atakaye kuziona vizuri, sharti asichoke kusugua.

Maswali
1. Kioo cha William kilifanywa kwa nini?
2. Caroline aliacha nini ili amsaidie kaka yake?
3. Ni kazi gani nyumbani kwenu iliyo ya watu wawili, lakini husifiwa mmoja tu?